Koo Lisilotetemeka

Mtu akiingia kwangu na kusema anataka sauti ya roboti, kitu cha kwanza ninachotazama ni mikono yake. Uso sitazami. Uso wa mpiga kinanda mwizi huwa mpole kuliko wa shemasi. Mikono ndiyo husema ukweli, maana mkono wa anayekuja kuiba sauti hautulii. Utauona ukisogea kwenye vitufe kidogo kidogo, kana kwamba unafukuza nzi.

Huku kwetu, kuanzia Embu mpaka Meru, wapiga vinanda tuna desturi moja ambayo hatuisemi mbele ya wachungaji. Tunabandika utepe mweusi juu ya kioo cha kinanda, pale jina la sauti linapoandikwa, ili aliyeketi kando asijue umetumia nini. Nimewahi kumwona mwenzetu akipiga kanisani huku kioo chote amekifunika kwa plasta ya vidonda, na waumini wakamchangia wakidhani kimevunjika. Mimi pia nina utepe wangu, wala sioni haya. Sauti nzuri huchukua wiki kuitengeneza, na mwenye flashi ya kunakilia huondoka nayo kabla chai haijapoa. Yamenikuta. Nilimkaribisha mwenzangu mmoja kutoka Chuka, nikatoka kununua maziwa, na baadaye nikasikia sauti yangu mwenyewe ikiimba kwenye harusi ya watu nisiowajua. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka.

Tena mimi huku ni mgeni. Nimezaliwa upande wa Embu, kwenye mashamba ya majani chai, lakini chumba changu cha kurekodi kiko Nchiru, upande wa Meru, nyuma ya safu ya hosteli za wanafunzi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Msimamizi wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga alikuwa na mazoea ya kusimama nje ya mlango wangu akijifanya anakagua bomba la maji. Siku moja aliniuliza, kwa adabu nyingi mno, kama kile kitu kinachoongea ndani usiku na mchana ni cha kanisa gani. Nikamwambia ni cha makanisa yote. Jibu hilo halikumsaidia, na tangu siku hiyo akawa anasalimia mlango badala ya kunisalimia mimi.

Kwa hiyo walipokuja wale wanawake wawili kutoka Kibirichia, nilikuwa tayari nimewashuku kabla hawajaketi.

Mmoja alikuwa mnene, mchangamfu, amejitanda shali zito la baridi ya kule juu. Huyo ndiye aliyeongea. Mwenzake alikuwa mrefu, mkavu, amefunga kitambaa shingoni, na aliketi kwenye stuli yangu akaanza kukagua kila kitu: kinanda, nyaya, sanduku za mayai nilizobandika ukutani kuzuia mwangwi, mpaka sufuria ya chai. Yule mnene akaniambia huyo ni mke wa kaka yake, yaani wifi yake, na kwamba wanataka nimtengenezee sauti.

"Sauti ya nini?" nikauliza.

"Ya kuimba, madam. Yake ilipotea."

Nikaelezwa. Kwa miaka mingi mwanamke yule ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kanisani kwao, na si kanisani tu. Kijiji kizima kikienda kuposa, yeye ndiye aliyewekwa mbele. Watu wa huku hawaingii kwa wakwe kimya kimya. Wanawake wa upande wa kijana husimama nje ya lango wakiimba, wanawake wa upande wa msichana hufunga lango kwa matawi na leso na kuwajibu kutoka ndani, wakiwauliza ninyi ni nani, mmetoka wapi, mnataka nini. Kila swali linajibiwa kwa wimbo, na anayeongoza lazima awe na sauti ya kuvuka ua na ulimi wa kutunga majibu papo hapo. Huyu alikuwa navyo vyote viwili. Kisha akaota uvimbe shingoni, akapasuliwa, uvimbe ukaenda na sauti ikaufuata. Tangu hapo, miaka mitatu sasa, alikuwa akinong'ona tu. Sasa mwanawe wa pekee alikuwa anaoa msichana wa Kianjai, na alitaka kuongoza yeye mwenyewe kwenye lango hilo.

"Kwani wewe huwezi kuongoza?" nikamuuliza yule mnene.

"Naweza," akasema haraka. "Lakini yeye ndiye mama."

Sikupenda ile haraka. Yule mrefu akamwinamia sikioni, akanong'ona kwa Kimeru, maneno marefu, mkono wake ukichora hewani. Nikangoja tafsiri. Wifi yake akanigeukia akitabasamu. "Anasema asante sana kwa kutukaribisha."

Mimi Kimeru nakisikia. Nimekaa huku miaka ya kutosha, na Kiembu chetu hakiko mbali nacho sana. Lakini kikinong'onwa napotea. Hata hivyo nilijua kwamba hakuna lugha chini ya Mlima Kenya ambayo asante ni ndefu namna ile.

Nilikubali kazi kwa sababu ya kiburi, sina haja ya kuficha. Wengi wanaotaka vokoda wanataka mchezo tu, kibwagizo cha roboti katikati ya wimbo wa injili, na maneno yasiposikika hakuna anayelalamika. Huyu alikuwa mtu wa kwanza kunijia akihitaji maneno.

Vokoda, kwa asiyeijua, ni kinanda kinachoazima mdomo wa mtu. Mdomo hutoa maneno na kinanda hutoa sauti. Ukiongea kwenye maiki bila kubonyeza vitufe, hakuna kinachotoka kwenye spika. Ukibonyeza vitufe bila kuongea, kimya vilevile. Viwili vikikutana, noti unazopiga ndizo zinazotamka maneno. Na hapa ndipo palipo na jambo ambalo hata wapiga vinanda wengi hawalifikirii: mashine hiyo haina haja na koo. Inataka ulimi, meno, midomo na pumzi. Mtu anayenong'ona anaweza kuimba kwa vokoda, kwa kuwa noti anapewa na kinanda. Nilimwambia hivyo yule mrefu, na kwa mara ya kwanza aliacha kukagua sufuria yangu akanitazama.

Siku ya kwanza tulipata uji. Alinong'ona ubeti mzima na spika ikatoa kitu kama kwaya iliyofungiwa ndani ya tangi la maji. Ilikuwa tamu, lakini hungeweza kutambua neno hata moja. Wifi yake akapiga makofi. "Iko sawa kabisa! Hivyo hivyo!" Yule mrefu hakupiga makofi. Nami nikajiuliza ni kwa nini mtu afurahie sauti isiyosema kitu.

Wakawa wanakuja siku za soko, wakishapeleka viazi, na tukaanza kusafisha. Kosa la kwanza lilikuwa langu: nilikuwa nimechagua sauti laini, ya filimbi, nikidhani inamfaa mama mtu mzima. Sauti laini haina pa kuchonga maneno. Nikaitupa, nikaweka sauti kali yenye makali ya msumeno, ile ambayo ikipigwa peke yake inaudhi meno. Maneno yakaanza kuonekana kwa mbali. Nikaacha kupiga noti nzito za chini, maana zilikuwa zinameza kila kitu. Nikabaki na noti mbili au tatu za katikati, mahali ambapo mwanamke huimba. Nikaondoa mwangwi wote. Nikafupisha mkia wa sauti, kwa sababu silabi moja ilikuwa ikikawia kuondoka na kuikuta inayofuata mlangoni, zinashikana kama chapati zilizopangwa zikiwa na unyevu.

Kisha kukawa na herufi za pumzi. Noti haiwezi kutamka s, wala sh, wala f, kwa kuwa hizo si sauti ya koo, ni upepo kwenye meno. Vokoda isiyo na upepo humfanya mtu aongee kama asiye na meno ya mbele. Kinanda changu kina kitufe cha kuzungusha, kinachochanganya mvumo wa hewa ndani ya noti, na hapo nilikaa muda mrefu kuliko popote. Hewa ikizidi, anasikika kama jiko la gesi linalovuja. Ikipungua, herufi zinadondoka. Nilikuwa nazungusha unywele kwa unywele huku yeye akirudia sentensi ileile, tena na tena, bila kuchoka. Nilimfundisha kusogeza maiki karibu na midomo na kuuma kila konsonanti kana kwamba anaikata na mkasi. Alishika upesi. Mtu aliyezoea kuvusha maneno juu ya ua wa michongoma hafundishwi kutamka mara mbili.

Maiki nayo haichagui. Chochote kilichoingia kilitoka kikiimba. Jogoo wa jirani aliwika kwa noti tatu. Mwanafunzi wa chumba cha tatu alipigiwa simu nje ya dirisha, na spika ikatangaza kwa sauti ya malaika kwamba hajatumiwa karo. Msimamizi wa ploti alisikia hilo, na nadhani ndiyo siku aliyoanza kuvaa rozari.

Katikati ya haya yote, shuku yangu kwa yule mnene ilikuwa ikinenepa. Kwanza, ile tafsiri. Mwenzake akinong'ona sentensi tatu, mimi nilipata moja, na hiyo moja ilikuwa ileile: anashukuru, anasema iko sawa, anasema Mungu akubariki. Pili, kila tulipokaribia kupata uwazi, yeye alikuwa na neno. "Madam, si upunguze hiyo makali? Watu wanataka utamu. Maneno si lazima yasikike yote." Tatu, na hili ndilo lililoninyima usingizi, alikuwa na simu chini ya shali. Niliona mwanga wake ukipenya kwenye matundu ya sufi. Alikuwa anarekodi.

Nikajua nimepatikana tena. Nikawaza: huyu ametumwa. Kuna mpiga kinanda mahali fulani mjini Meru anayengoja sauti yangu ikamilike, na huyu mama wa viazi ndiye mkoba wake. Nikaongeza utepe wa pili juu ya ule wa kwanza. Nikawa natoka na waya wa umeme wa kinanda kila ninapoenda msalani. Yule mrefu alinitazama nikipita na ule waya umening'inia shingoni, akanong'ona kitu, na wifi yake akakitafsiri: "Anasema anakupenda sana."

Siku tuliyofaulu ilikuwa ya mvua, na ilibidi tungoje mabati yatulie. Nikachemsha chai, nikawapa, kisha nikarudi kwenye kinanda. Niligusa kile kitufe cha hewa kidogo sana, nikabonyeza noti mbili, na kumwashiria aseme chochote, kwa Kiswahili, ili nami nipime. Aliweka kikombe chini. Akasogeza midomo kwenye maiki. Na spika ikatamka, wazi, herufi kwa herufi, kwa sauti ya kengele:

"Hii chai ni maji ya kuoshea viazi. Na huyu Mwembu aache kutembea na waya kama mbwa aliyekata kamba. Hatuna haja na kinanda chake."

Nilibaki nimebonyeza vitufe. Yule mnene alijifunika uso kwa shali. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Nami nikacheka mpaka nikaegemea sanduku za mayai. Yule mrefu hakucheka. Alikuwa anaitazama spika. Akasogea tena kwenye maiki, akasema polepole, "Sukari pia hakuna," na akasikiliza neno lake likienda mpaka mlangoni na kutoka nje.

Alipotoka kwenda kutazama mvua, wifi yake alinieleza mwenyewe. Alikuwa anarekodi ili akasikilize nyumbani kama maneno yanatambulika, si kwa ajili ya mtu yeyote wa mjini. Na hakuwa anapotosha. Alikuwa anapunguza.

"Huyu ulimi yake, madam, ni panga," aliniambia. "Wakati alikuwa na sauti watu walikuwa wanamvumilia juu ya kuimba. Sasa haimbi. Nikisema yote ile anasema, hatutabaki na jirani. Mchungaji anamuuliza anaendeleaje, yeye anamtukania sketi ya bibi yake. Mimi nasema, anaendelea vizuri, asifiwe Bwana. Nitasema nini ingine?"

Nilimwelewa, na nilimwonea huruma. Miaka mitatu amekuwa mdomo wa mtu mwingine, na kila siku anachagua cha kumeza. Lakini hapohapo akashika mkono wangu, akaonyesha kile kitufe cha hewa, kile kile. Utepe wangu haukuwa umekifunika. Alikuwa amekijua siku zote.

"Siku ya lango, mwache aimbe. Lakini ukiona ameanza maneno yake, zungusha hii kidogo. Irudi vile ilikuwa ya kwanza. Watasikia tu utamu. Ni wakwe, madam. Ni kijana wake mmoja tu."

Nilimwambia mvua imekatika. Tangu hapo nilikuwa nawashuku wote wawili, na shuku mbili ni mzigo mbaya kuliko moja. Nilimwogopa mmoja kwa atakachosema na mwingine kwa atakachoniomba nizime. Na nilijua kwamba kile kidole kitakachoamua ni changu.

Siku ya Kianjai jua lilikuwa kali. Tulisimamisha pikapu mbele ya lango, spika nyuma, na umeme tukauvuta kutoka duka la jirani kwa waya mrefu uliopita juu ya mbuzi wa mtu. Maiki niliivalisha sponji kwa ajili ya upepo. Wanawake wa Kibirichia walijipanga na viondo vyao vya kusukwa, blanketi, sufuria mpya na asali, na wengi wao walikuwa wanakiangalia kinanda changu kwa jicho la pembeni. Mmoja aliuliza kama kimeombewa. Wanaume walisimama mbali na ng'ombe, kijana akiwa katikati yao, suti imembana. Ndani ya lango tulisikia vicheko na matawi yakiburutwa.

Mama wa kijana alisimama peke yake mbele. Alinitazama mara moja. Nikaweka vidole.

Nayaandika kwa Kiswahili, lakini yote yalisemwa kwa Kimeru. Aliimba kwamba tumetoka juu, kwenye ukungu, tumefuata harufu ya ua lililochanua kwenu. Sauti ilipita juu ya lango kama jiwe lililorushwa. Wanawake wetu waliitikia kwa kuchelewa kidogo, kwa mshtuko, kisha wakaitikia kweli. Yeye akaongeza ubeti, akawatania wenye lango kwamba matawi yao ni machache kuliko tuliyotegemea. Nilimwona wifi yake akijikaza kwa hilo, lakini huo ni utani wa kawaida wa langoni. Mimi nilikuwa nafuata pumzi yake, nikibadilisha noti anapoinua kidevu kama tulivyozoea. Kwa muda huo sikumshuku mtu yeyote.

Kisha ndani wakanyamaza.

Hawakujibu ubeti. Tukasikia minong'ono, na mtu akasema, bila kuimba, "Hao wameweka redio." Mwingine akasema ni wimbo uliorekodiwa, mama wa kijana si anajulikana hana sauti? Wanawake wetu wakaanza kupiga kelele kwamba si redio, wa ndani wakapiga kelele zaidi, na utani ukaanza kuchacha. Kumletea mkwe sauti ya kuazima langoni ni kumwambia kwamba nyumba yenu haina mtu. Niliwaona wanaume wakigeuza vichwa.

Tawi likasogezwa, na akatoka mwanamke mzee sana, mfupi, mkongojo mkononi. Alikuwa nyanya wa msichana. Alipita mbele ya wote mpaka kwa mama wa kijana, akakiangalia kitambaa cha shingoni, akasema, "Imba." Naye akaimba, mstari uleule wa ukungu na ua. Yule nyanya akainua mkono, akaingiza vidole chini ya kitambaa, akaviweka juu ya koo.

Kila mtu anajua kwamba mwenye kuimba koo lake hutetemeka. Hata mtoto mgongoni hulijua hilo kabla ya kujua jina la mama yake. Nyanya alishika, akangoja, akageuza vidole akashika tena. Spika ilikuwa ikiimba kwa nguvu na koo lilikuwa limetulia kama la mtu aliyelala.

"Hapa hakuna kitu," akawaambia waliokuwa ndani. "Ni redio."

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kueleza mambo ya pumzi na noti na meno, na niliona wazi jinsi ambavyo kila neno langu lingekuwa ushahidi dhidi yetu, mgeni kutoka Embu na sanduku lake lenye utepe mweusi. Wifi alikuwa amekuja kusimama kando yangu. Lakini nyanya hakuondoka. Aliacha mkono wake palepale shingoni, akainua uso.

"Redio haijui kujibu," akasema. "Kama ni wewe, nijibu hili na sitakuuliza lingine. Sauti yako ilienda wapi?"

Hilo si swali la langoni. Langoni huulizwa mmebeba nini. Nilihisi vidole vya wifi vikinishika kiwiko, vikikaza, na bila kumtazama nilijua anaangalia kile kitufe. Mkono wangu wa kulia ulikuwa karibu nacho. Nikauweka kwenye noti pamoja na ule wa kushoto, nikabonyeza.

Mama wa kijana alisogea kwenye maiki. Hakuimba. Aliongea tu, na kinanda kikaongea naye.

"Sijui ilienda wapi," spika ilisema. "Niliamka hospitalini nikaita, nikaona nesi hageuki. Tangu siku hiyo watu wamekuwa wakimuuliza wifi yangu kama niko sawa. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza mimi."

Vidole viliniachia kiwiko. Sikuweza kumgeukia wifi, maana mimi pia nilikuwa nimekaa na mwanamke yule msimu mzima wa viazi, nikimuuliza kama s inasikika.

Hakukomea hapo. Akamwambia nyanya jinsi usiku wa kwanza nyumbani alivyojaribu kumwita ng'ombe. Hakumtukana mtu. Kule kwa wanaume, kijana alikuwa amejitenga na wenzake na kusogea, taratibu, mpaka akafika ulipo waya na kusimama. Mimi sikuthubutu kuinua hata kidole kimoja. Ningeinua, angebaki akisogeza midomo mbele ya watu wote wale. Vifundo vilikuwa vinaniuma na bado nilibonyeza.

Nyuma ya lango wasichana wakaanza kuondoa matawi ili tuingie. Nyanya, mkono bado uko kwenye lile koo lililotulia, akawageukia.

"Acheni kwanza," akasema. "Bado anaongea."